Usiilipie hiyo lenzi ya 70-300 kabla hujaipeleka kanisani

Usitoe hata dola moja, ndugu yangu. Umeandika kwamba una kamera ya Nikon D3400, kwamba umeanza kupata kazi za harusi makanisani hapa Lubumbashi, kwamba ungependa pia kupiga picha za mpira, na kwamba kuna duka mjini linalotaka kukuuzia lenzi ya 70-300, yaani ya kuvuta kutoka milimita 70 hadi 300, iliyotumika, kwa bei ambayo muuzaji anaiita ya kirafiki. Nimeitazama kwa makini picha uliyoiweka, na mbele ya lenzi hiyo panasomeka AF Nikkor 70-300mm 1:4-5.6 G, bila herufi S baada ya AF, ile inayoonyesha mota ya ndani, na bila VR, yaani kituliza mtikisiko, popote. Ni aina ile ile niliyouziwa mimi, kwa maneno yale yale unayoyanukuu, na siwezi kusoma nikapita.

Nianze na jambo ambalo muuzaji yeyote wa kamera analijua. Lenzi hiyo haina ndani yake mota ya fokasi, ile inayoifanya picha iwe kali, bali hutegemea mota iliyomo kwenye mwili wa kamera, ambayo huzungusha kijiti kidogo cha chuma kinachoingia kwenye kitako cha lenzi. Kamera za Nikon za familia ya D3000 na ya D5000, pamoja na hiyo D3400 yako, hazina mota hiyo. Toa lenzi yako sasa hivi uangalie duara la chuma linalobaki: kwenye D90 au D7000 utaona karibu na ukingo wa chini kichwa kidogo kama cha bisibisi kikichomoza, na kwenye yako hutakiona. Maana yake ni kwamba lenzi hiyo itapima mwanga vizuri na itapiga picha, lakini fokasi utaitafuta kwa mkono, ukichungulia katika kitundu kidogo cha D3400, huku watu unaowapiga hawakusubiri. Mimi nilionyeshwa lenzi ikiwa imefungwa kwenye kamera ya muuzaji mwenyewe, yenye mota, mchana, mlangoni pa duka, tukilenga bango la upande wa pili wa barabara. Ilishika fokasi papo hapo. Nilipouliza kama itafanya hivyo hivyo kwenye kamera yangu, nilijibiwa kwamba Nikon ni Nikon.

Hata hivyo mota ni sehemu tu ya hasara, wala si sehemu kubwa. Hasara kubwa ni mwanga. Nilipewa kazi ya ndoa iliyofungwa jioni, katika msimu wa mvua, ndani ya kanisa lenye madirisha membamba, na padri alikuwa amekataza flashi wakati wa ibada, jambo ambalo ana haki nalo kabisa. Nilisimama kando ya nguzo, nikavuta hadi milimita 300 ili nipate mikono ya maarusi wakati wa kuvishana pete. Katika milimita hizo lenzi ile haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa zaidi), kwa hiyo kamera ilinipa shata ya 1/60, yaani ilipokea mwanga kwa moja ya sitini ya sekunde, huku ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa 1600. Bibi harusi alikuwa amevua glavu yake nyeupe na kuishika kwa mkono wa kulia, bwana harusi akaleta pete taratibu, vidole vyake vikitetemeka kidogo, nami nikawa nazungusha pete ya fokasi mbele na nyuma na kubonyeza. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kila kitu kilionekana safi. Nyumbani, kwenye kompyuta, nikakuta fokasi imekaa juu ya lesi ya shela, vidole vimekuwa viwili viwili, na pete yenyewe imebaki mstari wa rangi ya dhahabu usio na umbo. Picha zilizofuata zilikuwa vivyo hivyo, mpaka wawili wale walipogeuka na kuanza kutoka.

Familia ile ilikuwa imechangishana kwa ajili ya harusi hiyo. Nilirudisha malipo, na ilikuwa haki kuyarudisha, lakini mama wa bibi harusi hakuwa akiuliza pesa, alikuwa akiuliza picha ya pete. Ndiyo maana nasema bei uliyotajiwa dukani si bei ya lenzi hiyo.

Hebu tufanye hesabu, kwa kuwa muuzaji hatakufanyia. Tundu la f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya f/5.6. Mahali ambapo f/5.6 inakupa 1/60, f/2.8 inakupa karibu 1/250, ISO ikiwa ile ile. Kanuni ya zamani ya wapigapicha inasema kwamba ukishika kamera mkononi, shata isiwe ya polepole kuliko moja juu ya idadi ya milimita. Na kwa sababu sensa ya D3400, kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, ni ndogo na huikata picha kwa kiasi cha mara 1.5, milimita 300 zako huonekana kama 450, hivyo unahitaji karibu 1/500. Ili uipate 1/500 kwa f/5.6 katika kanisa lile, ingekubidi upandishe ISO kutoka 1600 hadi 12800. Katika ISO hiyo ngozi nyeusi, ambayo inataka mwanga wa kutosha ili rangi zake zote zitokee, hujaa chenga, na sura za watu wako zinakuwa bapa. Usikubali pia kuambiwa kwamba VR inatatua hilo. VR hutuliza mtikisiko wa mikono yako wewe, nayo ni kitu kizuri sana, lakini haiwezi kumtuliza bwana harusi wala mchezaji anayekimbia.

Muuzaji wangu alizungumza juu ya 300 tu. Aliirudia namba hiyo kila nilipofungua kinywa, kana kwamba umbali ndio upigaji picha wote, na namba ya pili, ile ya baada ya alama ya f, hakuitaja hata mara moja. Nina hasira naye hadi leo, kwa sababu nilimweleza wazi kwamba kazi yangu ni ya makanisani. Nina hasira pia na wale wanaozisifu lenzi hizi katika video walizozipigia pwani, juani, mahali ambapo lenzi yoyote duniani ingeonekana nzuri, na wanaomalizia kwa kusema kwamba kwa bei hii huwezi kukosea.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, nami nakusihi uishike: soma namba ya f iliyo upande wa milimita za mwisho kabla ya kusoma milimita zenyewe, kisha uijaribu lenzi kwa kamera yako mwenyewe, katika giza unalofanyia kazi. Kwa harusi, mimi ningekuelekeza kwenye AF-S Nikkor 85mm f/1.8G. Haivuti kabisa, najua, lakini ina mota yake ndani, ina uzito wa gramu 350 hivi, na kwenye D3400 inaona kama lenzi ya milimita 127, ambazo zinatosha kushika mikono na nyuso ukiwa umesimama pembeni mwa safu za mbele. Tundu la f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, yaani jioni ile ile, kanisa lile lile, ningepata 1/500 bila kuigusa ISO 1600. Zungumza na padri au mchungaji mapema akuonyeshe mahali unapoweza kusimama, kwani hatua chache za miguu hufanya kazi ambayo watu wanalipia milimita.

Kama ni lazima iwe ya kuvuta, tafuta 70-200 f/2.8 yenye herufi AF-S, hata ya toleo la zamani, na ujue kwamba ina uzito wa karibu kilo moja na nusu na kwamba ni ghali hata ikiwa imetumika. Wengi hapa mjini huikodi kwa mwenzao siku ya kazi, na hakuna aibu katika hilo. Jihadhari tu na AF 80-200 f/2.8D, ambayo utaiona ikiuzwa kwa nafuu: vioo vyake ni vizuri mno, lakini nayo haina mota, na utarudi pale pale.

Kuhusu mpira, mechi za mchana zenye jua hazina shida, na AF-P DX 70-300 VR, ambayo nayo ina mota yake ndani, itakutosha. Hakikisha ni ile yenye VR, kwa kuwa ipo nyingine inayofanana nayo isiyo nayo, na usimnunulie rafiki yako mwenye D3100 au D3200, kwa sababu AF-P haishiki fokasi kwenye kamera hizo. Mechi za usiku, hata penye taa kama uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo, zinakurudisha kwenye hesabu ile ile, maana lenzi hiyo huishia f/6.3.

Ukienda dukani, nenda na kamera yako, betri iliyojaa na kadi yako. Mulika tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma utazame kama kuna nyuzi za kuvu. Kisha mwambie muuzaji kwamba utaweka dhamana na kuipeleka lenzi katika ibada ya jioni, upige watu wanaosogea katika milimita za mwisho, uzikuze picha kwenye kompyuta, ndipo ulipe. Akikataa, rudisha dola zako mfukoni uondoke, hata kama atapunguza bei ukiwa mlangoni.