Ukimpata, muulize yeye kwanza
Umeuliza kama ni sawa, ukiwa mpelelezi wa kukodiwa, kumkabidhi mteja anwani ya mpenzi wake wa zamani, maadamu amelipa na umeipata kihalali. Mimi simpi. Nikishampata mtu, namwendea mwenyewe: fulani anakutafuta, uko tayari akupigie? Akikataa, mteja ataambiwa tu kwamba yupo na hataki mawasiliano. Basi.

Mwaka 1999 huko New Hampshire, Marekani, mwanamume alinunua habari za msichana kwa wapelelezi wa mtandaoni. Mahali pake pa kazi palijulikana kwa simu moja ya uongo: mpigaji alijifanya mtu mwingine, msichana wa watu akajibu. Wiki chache baadaye mteja alimvizia akitoka kazini, akampiga risasi akafa. Mwaka 2003 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikasema mpelelezi ana wajibu wa kuchukua tahadhari kabla ya kumuuzia mteja habari za mtu.

Kwa hiyo usipokee kazi kabla hujamuuliza mteja anamtafutia nini, wala hujaangalia kama mahakama imemkataza kumkaribia. Akikasirikia swali hilo, mrudishie pesa zake siku hiyohiyo.