Mwanangu, kuhusu kuacha kazi

Assalaam alaykum mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu. Umeniuliza mambo mawili, mie nilokuwa mchoraji imekuwaje nikaishia kutengeneza upya websaiti za watu, na je weye uache hiyo kazi ya disaini huko Dar ufungue yako. Nakuandikia maana kwenye simu tunakatizana kila mara.

Unajua nilianza na hina na piko, mikono ya mabiharusi, bibi yako ndo alonifunza, alafu nkaingia duka la kuchapa pale Darajani, vipeperushi, kadi za harusi, menyu za mahoteli. Mshahara mdogo lakini kazi niliipenda.

Disemba 2009 umeme ukakatika Unguja nzima, ile ya miezi mitatu mpaka Machi 2010, weye bado mdogo unasoma kwa kibatari. Dukani jenereta hatuna, kazi imesimama. Kulikuwa na hoteli moja Shangani wana jenereta, nkazowea kwenda jioni kuchaji laptopu, nakaa pembeni ya risepsheni, na pale ndo nikawa namuona yule dada anavojibu imeili. Chumba bei gani. Mnakuja kutupokea bandarini? Tukifika alfajiri tutapata pa kuweka mizigo? Maswali yaleyale kila jioni, na jenereta inazimwa saa nne kwahiyo anaandika mbiombio. Nkamuuliza, kwani websaiti yenu haisemi hayo? Akanifungulia. Jahazi, tanga linajaa upepo taratibu, na muziki, imetengenezwa kwa Flash, programu ya enzi zile ya picha zinazotembea, chai yangu imepoa bado tunangoja ifunguke. Bei hamna. Namba ya simu ipo ukurasa wa nne. Na mgeni mwenye iPhone haoni chochote, simu zile hazikuwa zikifungua Flash kabisa. Alochora jahazi lile alikuwa fundi wallahi, mpaka kamba za tanga zinaonekana, lakini mgeni anataka kujua bei.

Nkaomba karatasi, nkakaa wiki nzima naandika kila swali linaloingia, likirudi naweka tiki. Matano yalikuwa yanarudi kuliko yote. Ile karatasi ndo ilinipa mteja wa kwanza, maana mwenye hoteli alipoiona hakuniuliza nimesomea wapi kompyuta, aliniuliza nitaanza lini. Mpaka leo mtu akinambia anataka websaiti ya kisasa namwambia sawa, kwanza nikae siku mbili na yule anayepokea simu. Na siku hizo mbili zimo kwenye invoisi.

Sasa nikwambie na lile ambalo sijawahi kukuhadithia. Mteja wangu wa pili, hoteli ya pwani ya mashariki, nilimbadilishia anwani za kurasa zote ziwe fupi na safi, nikasahau kuzielekeza zile za zamani ziende kwenye mpya. Julai hiyo, msimu umechanganya, mawakala wa Ulaya linki zao zote zinampeleka mgeni kwenye kurasa ambazo hazipo tena, anaona 404, yaani ukurasa haupatikani, anaondoka zake. Wiki mbili bukingi kimya. Yule mzee hakunigombeza, alinitazama tu, na mtazamo ule ninao mpaka leo. Nkakesha siku mbili naandika redairekti za 301, zile za kumpeleka mgeni kutoka anwani ya zamani kwenye mpya, moja moja, kurasa sitini na kitu, na nusu ya pesa yangu nkamrudishia kwa sababu wageni walopotea sikuweza kumrudishia. Tangu hapo kabla sijagusa rangi nafungua daftari, kushoto anwani ya zamani, kulia mpya, na naangalia domeini, yaani lile jina la websaiti, imesajiliwa kwa jina la nani, maana wapo wenye mahoteli ambao domeini yao inashikiliwa na fundi aloondoka zamani.

Kuhusu kuacha kazi, hesabu hivi. Mahoteli mengi hufunga Aprili na Mei, masika, na ndo wakati wanataka kutengenezewa ili Juni websaiti iko hewani. Nachukua nusu kabla, nusu siku ya kukabidhi. Kwahiyo ukiacha kazi Juni utakaa muda mrefu mfuko mtupu, na mie 2020 ndege ziliposimama nilikaa miezi bila hoteli hata moja, ada ndogo za kila mwezi za kutunza websaiti za wauza viungo ndo zilotulisha humu ndani.

Umeuliza najuta kuacha kuchora. Sijaacha mama. Bibi yako kabla hajashika kijiti alikuwa anamuuliza biharusi, gauni lako mikono mirefu au mifupi? Ikiwa mirefu, maua ya kwenye kiwiko hayachori, anayateremsha yote kwenye viganja. Kila siku nafanya hivohivo.

Fanya hivi. Machi chukua likizo yako uje. Nina mteja mpya Jambiani, utakwenda kukaa na mpokezi weye, mie sitosema neno, jioni uniletee karatasi yako tuisome pamoja. Barua ya kuacha kazi usiipeleke kabla ya hapo. Panda boti ya asubuhi, ntakuwa bandarini nakungoja, na pweza ntakuwa nshamchemsha.

Mama yako