Sanamu ya Gikomba na Panga Mbili

Swali: Nimenunua Gikomba sanamu ndogo ya kauri ya mchekeshaji mwenye barakoa na nguo ya miraba ya rangi, chini yake pana panga mbili za buluu zilizopishana. Je, ni ya kiwanda cha kauri cha Meissen? – Msomaji, South B

Jibu: Ndugu msomaji, huyo aelekea kuwa Harlequin wa maigizo ya Kiitalia, ambaye Johann Joachim Kändler, aliyeanza kazi Meissen, Ujerumani, mwaka 1731, alimfinyanga mara nyingi. Alama hiyo ya panga ndiyo ya Meissen; hata hivyo, imeigwa mno, kwa hiyo isikuhadae. Pitisha ukucha juu ya alama: ya asili huchorwa chini ya tabaka la kung'aa, nawe hutahisi mkwaruzo (ingawa mwigaji hodari hufaulu hapo pia). Kagua vidole na shingo kama viligundishwa, na tafadhali usiioshe kwa maji ya moto, maana gundi kuukuu huachia.