Enzi, zama, kipindi: je, ni kitu kimoja?

Swali: Mwalimu, nahariri makala ya sayansi na nimekwama kwenye sentensi hii: "Dinosaria walitoweka mwishoni mwa enzi ya Kretasia, katika miaka milioni 66 iliyopita, zama za Mesozoiki zikakoma, na sasa tumo katika kipindi cha Senozoiki." Mwandishi anasema amebadilisha *enzi*, *zama* na *kipindi* kwa makusudi, asije akamchosha msomaji kwa kurudia neno. Je, maneno haya yana maana moja?

Jibu: Katika mazungumzo ya kawaida yanakaribiana sana. Mtu akisema "enzi za mababu", "zama za mababu" au "kipindi cha mababu", tunamwelewa vilevile. Hata hivyo, sikio la Mswahili husikia tofauti. *Enzi* ina sauti ya utawala ndani yake: mfalme hukaa kwenye kiti cha enzi, na tukimsema mtu "enzi zake" tunamkumbuka alipokuwa kileleni. *Zama* hutazama nyuma, mbali, pasipo mipaka ya wazi. *Kipindi* kina mwanzo na mwisho, kama kipindi cha redio au cha hisabati.

Mwandishi wako ameshika kanuni nzuri ya insha, ila ameipeleka mahali pasipo pake. Katika istilahi, ukibadilisha neno umebadilisha kitu. Msomaji makini wa sentensi yake atadhani Kretasia ni enzi, na kwamba Senozoiki ni ngazi ya chini kuliko Kretasia, ilhali mambo ni kinyume kabisa.

Wanajiolojia huigawa historia ya Dunia, yapata miaka bilioni 4.6, katika ngazi tano, kila moja ikikaa ndani ya iliyo kubwa kuliko yenyewe. Kwa ngazi ya juu kabisa wengi huandika *eoni*, nami sina ugomvi na neno hilo. Lakini tunalo *dahari*, neno letu la siku nyingi kwa wakati usiokadirika, na naona linastahili kazi hii. Dahari ziko nne: Hadea, Arkea, Proterozoiki na Fanerozoiki. Ya mwisho, tuliyomo, ilianza takriban miaka milioni 539 iliyopita.

Chini ya dahari ndipo ningeweka *enzi*. Fanerozoiki ina enzi tatu: Paleozoiki, Mesozoiki na Senozoiki, majina ya asili ya Kigiriki yenye maana ya uhai wa kale, uhai wa kati na uhai mpya. Hapa ile harufu ya utawala inafaa, kwa sababu kila enzi ina viumbe vilivyotamalaki ndani yake. Chini ya enzi ni *kipindi*, na hapo ndipo mahali pa Kretasia, pamoja na Jura, Devoni na vingine. Fanerozoiki yote ina vipindi kumi na viwili. Kipindi hugawanywa katika *mihula*, kama Plaistoseni na Holoseni. Ngazi ya chini kabisa naipendekezea *awamu*.

*Zama* nimeziacha nje kwa sababu. Wanaakiolojia wameshazitumia: Zama za Mawe, Zama za Chuma. Hayo ni mafungu ya zana za binadamu, hayana uhusiano na ngazi za miamba. Tuwaachie neno lao.

Je, haya ni mambo ya wachambuzi wa maneno tu? Sivyo. Machi 2024 wanajiolojia walipiga kura kuhusu pendekezo la Anthroposeni, yaani kutambua rasmi wakati ambao binadamu ameacha alama yake katika tabaka za Dunia. Pendekezo lilikataliwa. Lakini kilichopigiwa kura kilikuwa muhula, ambao ungefunga Holoseni iliyoanza miaka 11,700 iliyopita. Ukiandika kwamba wamekataa "enzi mpya", umemwambia msomaji kwamba ilipendekezwa kufunga Senozoiki yenye miaka milioni 66. Neno moja limezidisha jambo mara elfu kadhaa. Mtu ataendelea kusema "zama za binadamu" katika mazungumzo, na hakosei, mradi asiziandike kama ngazi rasmi. Kwa hesabu rasmi, sisi bado tumo katika dahari ya Fanerozoiki, enzi ya Senozoiki, kipindi cha Kuaternari, muhula wa Holoseni, awamu ya Meghalaya. Awamu hiyo, iliyoanza takriban miaka 4,200 iliyopita, imepewa jina la jimbo la India lenye pango ambamo mwanzo wake ulisomwa kutoka kwenye jiwe lililojengwa na matone ya maji.

Kuna onyo moja kuhusu *kipindi* na *muhula*. Tumezoea vipindi vya darasani vinavyolingana dakika kwa dakika. Vya wanajiolojia havilingani: kipindi cha Siluri hakikufika miaka milioni 25, cha Kretasia kilizidi milioni 75. Sababu ni kwamba mipaka haikukatwa kwa kalenda. Ilisomwa kwenye miamba, pale viumbe au kemia ya tabaka vilipobadilika. Mpaka wa mwisho wa Kretasia umewekwa kwenye udongo wa mfinyanzi huko El Kef, Tunisia, wenye iridiamu nyingi, metali iliyo adimu katika ganda la Dunia lakini si adimu katika vimondo. Mahali rasmi kama hapo wenyewe hupaita msumari wa dhahabu. Wa kwanza ulikubaliwa mwaka 1972 huko Klonk, katika nchi ambayo leo ni Ucheki, kutenga Siluri na Devoni. Kwenye miamba ya kale zaidi, ambamo visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, ni haba, mipaka mingi imewekwa kwa tarakimu tu: Arkea iliishia miaka milioni 2,500 iliyopita, basi.

Kosa la pili katika sentensi yako ni dogo kwa umbo, kubwa kwa maana: *katika*. "Miaka milioni 66 iliyopita" hutaja wakati mmoja wa mbali. "Katika miaka milioni 66 iliyopita" hutaja muda wote kuanzia hapo hadi leo. Mwandishi amewafanya dinosaria watoweke polepole mpaka asubuhi ya leo! Liondoe.

Na kwa kuwa unahariri makala ya miamba, utakutana na *juu* na *chini*. Tangu mwanasayansi wa Denmark, Nicolaus Steno, alipoandika mwaka 1669, inafahamika kwamba tabaka la chini hutangulia la juu kutandazwa, isipokuwa pale ardhi ilipopinduka. Kwa hiyo miamba ni ya "Jura ya Chini" au "Jura ya Juu", lakini wakati ni "Jura ya Awali" au "Jura ya Mwisho". Mnyama aliishi Jura ya Mwisho; mifupa yake imelala katika tabaka za Jura ya Juu. Hakuna aliyewahi kuishi Jura ya Juu. Tofauti hii naipenda, maana Kiswahili kinaibeba bila kuhangaika.

Kuhusu *Jura* au *Jurasiki*: mimi huandika kipindi cha Jura. Jina limetoka kwenye milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, na ule mkia *-siki* ni kiambishi cha lugha nyingine kinachofanya kazi ambayo kwetu hufanywa na *cha*. Vivyo hivyo Devoni, kutoka Devon ya Uingereza, na Permi, kutoka Perm ya Urusi. Kretasia haikutokana na mahali. Asili yake ni neno la Kilatini la chaki. Wajerumani hukiita kipindi hicho kwa neno lao wenyewe la chaki, nasi tungeweza, ila Kretasia imeshazoeleka na sioni faida ya kuibomoa.

Jambo la mwisho si la sarufi. Ndege wametokana na dinosaria, na kwa wanasayansi ni dinosaria hasa, kwa hiyo si wote waliotoweka. Sentensi yako ningeiandika hivi:

"Dinosaria wasio ndege walitoweka mwishoni mwa kipindi cha Kretasia, takriban miaka milioni 66 iliyopita, enzi ya Mesozoiki ikakoma, na sasa tumo katika enzi ya Senozoiki."

*Enzi* imetajwa mara mbili. Iache hivyo hivyo.