Chembe nyeupe za mama zimefika 18,000: usinunue antibayotiki nyingine kwanza

Dada, pole na kuuguza. Umesema mama yako yuko Arusha, kapimwa FBP (kipimo kinachohesabu chembe za damu), chembe nyeupe zikatoka 18,000, akaambiwa ana maambukizi kwenye damu, amemaliza antibayotiki na namba haijashuka. Mimi nafanya kazi maabara hapa Moshi, na karatasi za namna hiyo napita nazo kila siku.

Mtu mzima kwa kawaida huwa na kati ya 4,000 na 11,000 kwa mikrolita moja ya damu. Ila jumla peke yake haitoshi. Angalia mistari ya chini yake, yenye aina tano za chembe nyeupe: neutrofili, limfosaiti, monosaiti, eosinofili, besofili. Iliyopanda ndiyo inayoonyesha pa kutafuta.

Zikiwa neutrofili, bakteria hushukiwa kwanza: nimonia, jipu, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) iliyopanda hadi kwenye figo, kidole tumbo. Lakini hata sigara, kuungua, upasuaji na ujauzito huzipandisha. Dawa za steroidi pia. Muulize mama kama anameza prednisoloni au alichomwa deksamethasoni, na akuonyeshe vidonge vyote anavyotumia, hata vile vya magoti alivyopewa na jirani.

Kinachoniuma ni taifodi. Watu wanaona chembe nyeupe ziko juu, wanaambiwa ni taifodi, wanaanzishiwa sindano. Taifodi mara nyingi huziacha chembe nyeupe kwenye kiwango chake au huzishusha, na malaria ni hivyohivyo. 18,000 si ushahidi wa taifodi.

Zikiwa eosinofili, fikiria pumu, mzio na minyoo. Aliwahi kuletwa kwetu kijana anayelima mpunga huko Mabogini, kashazunguka maduka ya dawa mpaka kachoka. Nilipoweka slaidi yake kwenye hadubini, karibu kila chembe nyeupe niliyokutana nayo ilikuwa imejaa punje za rangi ya chungwa. Hizo ndizo eosinofili. Tukaomba sampuli ya choo, tukakuta mayai yenye mwiba ubavuni: kichocho cha tumbo, ambacho antibayotiki hakiisikii kabisa. Dawa yake ni prazikwanteli.

Limfosaiti hupanda zaidi kwa virusi, na kwa watoto wenye kifaduro.

Najua unachoogopa ni saratani ya damu. 18,000 peke yake haitoshi kusema hivyo. Leukemia sugu ya mieloidi, aina mojawapo ya saratani hiyo, mara nyingi hukutwa namba imeshapita 50,000, hata 100,000, bandama imevimba upande wa kushoto, mtu anakonda na kutoka jasho usiku. Hata hiyo ina vidonge, imatinibu, vinavyotumika tangu 2001, na watu wanaishi navyo miaka mingi.

Kama mama ana seli mundu, sema mapema. Mashine huweza kuhesabu chembe nyekundu changa kama nyeupe, namba ikaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kwa hiyo rudieni FBP, na muombe slaidi ya damu isomwe kwa macho, msitegemee mashine tu. Kisha mpelekeni kwa daktari wa magonjwa ya ndani na karatasi zote mbili, ya zamani na mpya. Akipata homa kali, akachanganyikiwa au akahema kwa shida, msisubiri majibu, nendeni hospitali usiku huohuo.

Ukishapata mgawanyo wa aina hizo tano, uandike hapa pamoja na himoglobini na chembe sahani, tuuangalie pamoja.