Kumnyoa Mbwa Nyumbani: Fundo la Manyoya Halikatwi kwa Mkasi

SWALI: Tunafuga mbwa wawili hapa Mombasa. Mdogo ni wa aina ya Shih Tzu, na manyoya yake yamefanya mafundo nyuma ya masikio na kwapani. Mkubwa ni German Shepherd anayelinda nyumba, na katika joto hili la kaskazi hushinda akihema ulimi nje. Nimenunua mashine ya kunyolea mbwa. Je, niwanyoe wote wawili hadi kwenye ngozi ili wapate nafuu?
Mama wa watoto watatu, Mombasa

JIBU: Mama, huyo mdogo anafaa kunyolewa, ingawa si hadi kwenye ngozi; huyo mkubwa nakusihi usimnyoe.

German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili: ya nje marefu yanayoikinga ngozi na jua, na ya ndani laini ambayo hupukutika na kunasa humo humo asipochanwa. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, bali hujipoza hasa kwa kuhema, hivyo kumnyoa hakumsaidii kama unavyodhani, na mara nyingine manyoya huota tena kwa mabakamabaka. Mchane vizuri ili yale yaliyokufa yatoke na hewa ipite, umpe kivuli na maji ya kutosha. Akianza kuyumba au kutokwa na ute mwingi huku akihema kwa nguvu, mloweshe maji mara moja na umwahishe kwa daktari wa mifugo.

Manyoya ya Shih Tzu hayakomi kurefuka, kwa hiyo kuyapunguza ni lazima. Hatari iko kwenye yale mafundo. Fundo linapokaza huivuta ngozi na kuiingiza ndani yake, na ngozi ya kwapani ni nyembamba mno, kiasi kwamba mtu hudhani anakata manyoya tu kumbe anakata mbwa. Usiguse fundo kwa mkasi hata kama unauamini mkono wako. Shika manyoya karibu na ngozi ili asiumie, kisha lifungue kwa vidole na kitana cha chuma, ukianzia nchani. Lisilofunguka, pitisha chini yake mashine yenye wembe wa namba 10, ambao hubakiza takriban milimita 1.5. Fanya hayo kabla ya kumwogesha, kwa sababu maji hukaza fundo.

Akishaogeshwa na kukauka kabisa, nyoa kwa kufuata mwelekeo wa manyoya, mashine ikiwa na kitana chake cha kuzuia ili yabaki angalau sentimita moja. Nyoosha ngozi kwa mkono mwingine unapofika kwapani, kinenani na kwenye kingo za masikio. Kila baada ya dakika chache gusisha wembe ndani ya kifundo cha mkono wako. Ukiwa wa moto kwako, unamuunguza yeye, basi usubiri upoe. Usoni tumia mkasi wenye ncha butu, mtu mwingine akimshika kichwa, maana macho ya mbwa wa aina hii yamejitokeza nje na hujeruhiwa kwa urahisi.

Ukikuta mafundo yameungana yakawa kama kipande cha mkeka mgongoni, weka mashine chini na umpeleke kwa daktari akiwa bado hajaogeshwa.