Umegongwa nyuma na shingo imeanza kuuma siku ya pili? Usikimbilie kusaini

Mkuu pole sana. Kwa ulivyoeleza ulikuwa umesimama kwenye foleni, jamaa akakuingia kwa nyuma, mkaona ni bampa tu mkaachana kwa amani, leo shingo haigeuki na bima yake inataka usaini karatasi wakulipe bampa mambo yaishe. Na jamaa kageuza maneno anasema ulifunga breki ghafla. Jibu fupi ni USISAINI kwanza. Refu ni hili, maana na mimi yalinikuta hayahaya.

Anza na shingo. Gari likipigwa nyuma kiti kinausukuma mwili mbele, kichwa kinachelewa halafu kinarushwa, hapo misuli na kano za shingo zinavutika vibaya hata kama gari halijaharibika kiasi cha kutisha. Muda ule mwili bado una moto husikii kitu, maumivu yanakuja baada ya masaa au siku mbili tatu, na eksirei inaweza isioneshe chochote kwa sababu yenyewe inaangalia zaidi mifupa. Kwa hiyo nenda hospitali leo, sio wikiendi, na kama kuna ganzi mikononi, kizunguzungu au kichwa kinauma sana ndo usisubiri kabisa. Mweleze daktari kwamba umegongwa, lini na gari lako lilikuwa limesimama au linatembea, na uhakikishe kaandika. Mimi daktari aliandika "maumivu ya shingo" basi, neno ajali halimo, nikamrudishia palepale akaongeza, na baadae mtu wa bima alipoanza kusema labda nililala vibaya ile sentensi moja ndo ilimnyamazisha. Kadiri siku zinavyopita kati ya ajali na hospitali ndivyo wanavyopata pa kukubania.

Sasa hilo la breki ghafla. Sehemu nyingi duniani anayegonga nyuma ndo anaanza na lawama, kwa sababu wa nyuma ndo anatakiwa kuacha nafasi ya kusimama hata wa mbele akifunga breki ghafla. Hebu piga hesabu, gari linalokwenda 80 kwa saa linakula kama mita 22 kila sekunde, yaani kabla mguu haujafika kwenye breki ashatembea hizo mita, bado hajaanza kusimama, na spidi ikiwa mara mbili umbali wa breki unakuwa kama mara nne. Ndo maana madereva wanafundishwa kuacha angalau sekunde mbili, mvua ikinyesha nne. Watu hawaachi, wanakukalia kwenye bampa huku simu iko mapajani. Wengine ni tairi kipara, wengine usingizi. Ila kuna moja haisemwi sana, pale kwenye kuingia barabara kubwa wewe unasogea kidogo halafu unasita, wa nyuma anaangalia magari yanayokuja pembeni anajua ushaondoka, anakanyaga mafuta, puu!

Lakini wa mbele naye anaweza kubeba lawama. Kama taa zako za breki haziwaki, kama ulikuwa unarudi nyuma, au ulimchomekea halafu ukafunga breki, sehemu nyingi wanagawana makosa kwa asilimia na fidia yako inakatwa kwa kiasi hicho. Kwa hiyo kama gari bado halijaenda gereji piga picha taa za breki zikiwaka, piga na bampa, tafuta namba ya aliyeshuhudia, na kama hamkuripoti polisi karipoti.

Kuhusu ile karatasi, isome mpaka chini. Ukikuta maneno kama "malipo kamili na ya mwisho" maana yake ukisaini umefunga na shingo pia. Waambie wakulipe gari peke yake na waandike kabisa kwamba madai ya majeraha yanabaki wazi, mimi niliwaambia hivyo wakanuna kidogo wakaleta karatasi nyingine. Na wakikupigia simu wakakuuliza unaendeleaje usijibu "salama tu" kwa mazoea, hiyo wanaiandika.

Mengine ni karatasi tu, risiti za dawa na mazoezi ya viungo, nauli za hospitali, barua ya kazini ya siku ulizokosa, hivyo vyote unadai pamoja na fidia ya maumivu. Ulizia mapema mwisho wa kufungua madai kisheria huko uliko maana kila nchi ina muda wake. Wakili sio lazima kama shingo ikipona ndani ya wiki chache, ila kama bado inakusumbua au wanakataa kosa mtafute, na mkubaliane malipo yake kwa maandishi kabla hajaanza.

Halafu jambo moja hujasema mkuu, huyo jamaa naye alisukumwa na gari la nyuma yake? Kumbuka gari lako lenyewe lilipigwa vishindo vingapi, kama ni kimoja tu huenda kweli alisukumwa na bima ya kudai ni ya yule wa tatu, kama ni viwili inawezekana alikugonga mwenyewe kwanza.